Gari na Matairi ya Theluji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaouliza maswali haya wanakaribia majira yao ya kwanza ya theluji, au wameshayapitia mara moja na hawataki kuyapitia tena kwa namna ile ile. Karibu wote huanza na habari za gari. Majibu mengi hapa chini yatakurudisha kwenye matairi, na tumefanya hivyo makusudi.

Gari gani linafaa kwenye theluji?

Hilo hilo ulilonalo, likiwa zima na likifungwa matairi manne ya baridi. Jibu hili huwavunja moyo waliokwisha kuanza kutazama magari makubwa ya juu, lakini hesabu ndiyo inayosema. Gari linagusa barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja cha mkono hivi. Injini, breki, usukani na kompyuta zote za gari hazina njia nyingine ya kufanya kazi ila kupitia hapo.

Chukua mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu, ukikanyaga breki kwa nguvu gari husimama ndani ya mita 12 au 13. Kwenye theluji iliyoshindiliwa utahitaji kama mita 40. Kwenye barafu tupu zinakaribia 100. Hapo bado hujahesabu ile sekunde moja ya kushtuka na kuhamisha mguu, ambayo kwa mwendo huo humeza karibu mita 14 nyingine. Hakuna gari la bei yoyote linaloweza kuifuta tofauti hiyo, ila tairi zuri huipunguza.

Suala la matairi likiisha, ndipo uangalie gari lenyewe. Kwanza, tumbo lake liko juu kiasi gani: theluji ikiwa nene kuliko nafasi iliyopo, gari hukalia theluji na magurudumu yakabaki yakizunguka bure. Halafu kipasha joto kiwe na nguvu, kioo cha nyuma kiwe na nyaya za kuyeyusha barafu, betri iwe nzuri. Viti vinavyopashwa joto ni anasa siku ya kwanza. Kufika wiki ya pili utaviona ni haki yako ya msingi.

Kwani 4x4 si bora zaidi?

Kwa kuondoka, ni bora. Nguvu ya injini ikigawanywa kwa magurudumu manne, kila gurudumu linadaiwa kidogo, kwa hiyo haliserereki upesi. Ukiishi juu ya mlima, au barabara yako huondolewa theluji mchana wakati wewe unatoka alfajiri, 4x4 ina maana kubwa.

Kwa kusimama, haikusaidii kitu. Kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne, hata dogo kuliko yote. Kwenye kona nayo, kinachoamua ni mpira unaogusa chini. Na kuna mtego ambao wauzaji hawautaji: gari linalovutwa na magurudumu mawili hukuonya mapema. Ukikanyaga mafuta likaserereka pale pale mlangoni, unajua barabara leo ni mbaya. 4x4 huondoka kimya kana kwamba hakuna tatizo, na habari za utelezi unazipata kwenye kona ya kwanza, ukiwa tayari na mwendo.

Uangalie pia ni 4x4 ya namna gani. Magari mengi ya siku hizi hugawa nguvu yenyewe, dereva hana la kufanya. Baadhi ya pikapu na magari ya kazi yana mfumo unaowashwa kwa mkono na kuyafunga magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi moja. Huo ni wa mahali penye utelezi tu. Ukiuacha umewashwa kwenye lami kavu, gari litakaza kwenye kona na mfumo wenyewe utaumia.

Linalovuta mbele au linalovuta nyuma?

Linalovuta mbele ndilo rahisi kwa anayeanza. Uzito wa injini unakandamiza magurudumu yale yale yanayovuta, na ukizidisha mwendo kwenye kona gari huelekea kwenda moja kwa moja, jambo ambalo dereva hulitambua haraka akaachia mafuta. Linalovuta nyuma lina mkia mwepesi unaopenda kupita mbele. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuserereka, ambao tangu Novemba 2014 ni lazima kwa magari yote mapya katika Umoja wa Ulaya, umepunguza sana tatizo hilo, lakini hauwezi kutengeneza mshiko mahali ambapo haupo.

Wenye pikapu tupu huweka mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma. Inasaidia kuondoka, na mchanga wenyewe unaweza kuumwaga chini ya tairi ukikwama. Ifunge kwa kamba madhubuti. Mfuko wa kilo 30 ukiachwa huru, siku ya ajali utakufuata mbele.

Matairi yangu ni mapya kabisa. Kwa nini hayatoshi?

Kwa sababu ya mpira wenyewe, kabla hata hatujafika kwenye umbo. Mpira wa tairi la kiangazi umechanganywa ili usilainike mno kwenye lami ya moto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, huanza kukakamaa, na tairi gumu halishiki hata kwenye lami kavu isiyo na chembe ya theluji. Mpira wa tairi la baridi hubaki laini.

Umbo linafuata. Tazama kashata za tairi la baridi kwa karibu: kila moja imekatwa nyufa nyembamba nyingi. Tairi likibonyea, nyufa hizo hufunguka na kingo zake hukwaruza barafu. Mifereji mikubwa kati ya kashata hufanya jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa kasoro, nayo ni kujaa theluji. Theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira, kwa hiyo tairi lililojaa theluji kwenye mifereji yake liko kazini.

Nitalijuaje tairi la baridi la kweli?

Tafuta ubavuni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Tairi haliwekewi mchoro huo mpaka lipimwe kwenye theluji na kulishinda tairi la kulinganishia kwa kiwango kilichowekwa.

Herufi M+S peke yake si ushahidi. Maana yake ni tope na theluji, na mtengenezaji huiandika kwa kutazama umbo la kashata bila kulazimika kupima chochote. Yako magari mengi, hasa yaliyouzwa Marekani, yanayotembea na matairi yenye M+S ambayo kwenye theluji ya kweli ni ya kawaida tu.

Mchoro wa mlima una mpaka wake pia: kinachopimwa ni theluji, barafu haimo. Lebo ya matairi ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Mei 1, 2021 ina alama ya pili, ya barafu, kwa matairi yaliyofaulu jaribio la mshiko kwenye barafu. Kama barabara zako hugeuka kioo kila Januari, hiyo ndiyo ya kuulizia. Matairi ya njumu, yaani yenye vijiti vya chuma, hayahusiki na lebo hiyo.

Matairi ya misimu yote je?

Yanamfaa anayeishi mahali ambapo theluji huanguka siku chache, mashine zikapita asubuhi hiyo hiyo kuisafisha, na mwenyewe anaweza kuliacha gari siku ambayo hali imechafuka. Chagua yenye mchoro wa mlima. Kwingine kote ni maridhiano yasiyotosha: wakati wa joto yanazidiwa na ya kiangazi, na kwenye barafu yanaachwa mbali na ya baridi.

Matairi ya baridi ni ya aina moja?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo soma polepole. Kuna familia mbili, zote zina ule mchoro wa mlima, na dukani hupangwa rafu moja.

Familia ya kwanza imetengenezwa kwa ajili ya Ulaya ya kati: joto linalopanda na kushuka kuzunguka sifuri, mvua nyingi, theluji ya majimaji, na barabara kuu za mwendo mkali. Mpira wake ni mgumu kidogo na mifereji yake inajua kusukuma maji. Familia ya pili ni ya kaskazini, ya nchi kama Finland, Sweden na Norway, ambako barabara hukaa chini ya theluji na barafu kwa miezi. Mpira wake ni laini mno, nyufa zake ni nyingi, na kiwango chake cha mwendo huwa cha chini. Herufi Q ubavuni ina maana ya kilomita 160 kwa saa, R ni 170, T ni 190.

Ukilifunga tairi la kaskazini katika mji wa mvua wenye nyuzi 5, breki itakuwa ndefu kuliko ulivyotarajia na kwenye kona litakuwa kama linaogelea. Ukilipeleka la Ulaya ya kati kwenye barafu ya nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, litakuachia bila taarifa. Tatizo hili huwapata zaidi wanaonunua mtandaoni kwa kufuata bei na mchoro. Herufi ya mwendo ni kidokezo kizuri: tairi la theluji lenye Q au R lisilo na njumu kwa kawaida ni la kaskazini, lenye H au V, herufi za mwendo mkubwa zaidi, mara nyingi ni la Ulaya ya kati.

Si ajabu kwamba familia ya kaskazini ina mizizi Finland. Kiwanda ambacho leo kinaitwa Nokian Tyres kilitoa tairi la baridi kwa ajili ya malori mwaka 1934, na miaka miwili baadaye kikaanzisha Hakkapeliitta kwa magari madogo, jina ambalo bado linauzwa.

Nichukue ya njumu?

Njumu ni vile vijiti vya chuma vinavyochomoza kidogo kwenye mpira. Mahali pake ni barafu tupu yenye unyevu, karibu na nyuzi sifuri. Hali hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote, maana juu ya barafu kunakuwa na utando mwembamba wa maji, na tairi lisilo na njumu halina pa kushika. Baridi ikizidi sana barafu huwa kavu na ngumu, na tofauti kati ya njumu na tairi laini la kaskazini hupungua.

Gharama yake ni kelele, breki dhaifu zaidi kwenye lami kavu, na barabara inayosagwa ikawa vumbi. Vumbi hilo ndilo lililoifanya Japani ipitishe sheria dhidi ya njumu mwaka 1990, baada ya miji kama Sapporo kuishi na hewa chafu kila mwisho wa majira ya baridi. Ujerumani inazikataza karibu kabisa. Sweden inaziruhusu kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 15, lakini Stockholm ina mitaa ambayo haziruhusiwi kuingia, Hornsgatan ukiwa mmojawapo. Miji ya Norway ya Oslo, Bergen na Trondheim huwatoza ada wanaozitumia.

Maoni yetu: kama unakaa mjini na barabara zinahudumiwa, chukua tairi laini la kaskazini. Kama unapita kila siku barabara za kijijini zinazoyeyuka mchana na kuganda usiku, njumu zina thamani ya kelele yake. Zikiwa mpya, endesha kwa upole kilomita mia kadhaa za mwanzo, bila kuondoka kwa kishindo wala kufunga breki ghafla, ili zikae vizuri kwenye mpira.

Naweza kufunga mawili tu ili kuokoa pesa?

Hapana. Ukifunga mbele tu, mbele itashika na nyuma itateleza, gari ligeuke likiangalia lilikotoka. Ukifunga nyuma tu, usukani hautasikia unachouambia. Kuchanganya yenye njumu na yasiyo na njumu kuna tatizo hilo hilo. Bora manne ya daraja la kati kuliko mawili ya daraja la juu.

Tairi pana lina mshiko zaidi, siyo?

Kwenye lami kavu, mara nyingi ndiyo. Kwenye theluji nene au ya majimaji, tairi jembamba hukata na kushuka hadi kwenye kitu kigumu, ilhali pana huelea juu yake. Fungua kitabu cha gari, tazama saizi zinazoruhusiwa, kisha chukua rimu ndogo kuliko zote inayopita juu ya breki zako. Utapata tairi jembamba lenye ubavu mrefu: bei nafuu, na rimu haiumii upesi kwenye mashimo yaliyofichwa na theluji. Kiwango cha uzito kisishuke kamwe chini ya kile cha gari. Kiwango cha mwendo kinaruhusiwa kushuka kwa matairi ya baridi katika nchi nyingi za Ulaya, ilimradi ubandike karatasi ya kikomo hicho mbele ya dereva.

Nipunguze upepo kwenye theluji?

Usipunguze. Ushauri huo ni wa mchangani. Baridi yenyewe tayari inakupunguzia: kila joto linaposhuka nyuzi 10, tairi hupoteza kama 0.1 ya bar, kipimo cha mgandamizo wa upepo. Ukijaza upepo ndani ya gereji yenye nyuzi 20 ukatoka nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, umeshapoteza zaidi ya 0.3 kabla hujafika getini. Pima matairi yakiwa baridi, nje, mara kwa mara.

Lini tairi la baridi limeisha?

Jipya huwa na kina cha milimita 8 au 9. Likifika 4, libadilishe, hata kama sheria ya nchi uliyomo inakuvumilia zaidi. Austria yenyewe inadai milimita 4 kwa matairi ya kawaida ya baridi, na Sweden inadai 3. Kile kiwango cha 1.6 kinachotajwa sana Ulaya hakina maana kwenye theluji.

Umri nao una neno. Mwisho wa namba inayoanza na herufi DOT ubavuni kuna tarakimu nne: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mpira hukakamaa kwa miaka hata ukikaa stoo, kwa hiyo tairi la mtumba lenye kashata nene na miaka tisa ni hasara.

Cheni za theluji bado zinatumika?

Sana, milimani. Ukiona alama ya duara la bluu yenye mchoro wa tairi lililovikwa cheni, huna hiari. Zivike magurudumu yanayovuta; kwa 4x4 fuata kitabu cha gari, maana baadhi ya magari hayana nafasi ya cheni kwenye ekseli fulani. Jifunze kuzifunga nyumbani, mchana, mikono ikiwa na joto, kwa sababu siku ya kuzihitaji itakuwa usiku, upepo unavuma na vidole havisikii. Ukishazifunga, tembea mita mia kadhaa, simama, kaza tena. Usizidishe kilomita 50 kwa saa, na uzivue mara lami inapoonekana.

Zipo pia za kitambaa. Ni nyepesi na huvikwa haraka, ila huchakaa upesi kwenye lami, na mahali pengine hazikubaliki kisheria badala ya cheni.

ABS inatetemeka mguuni. Niachie breki?

Usiachie. Kanyaga mpaka mwisho na uendelee kugeuza usukani. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifungwe kabisa na breki, ipo ili uweze kugeuza huku unasimama. Kwenye theluji laini na nene inaweza kurefusha kidogo umbali wa kusimama, kwa kuwa gurudumu lililofungwa kabisa hujijengea kilima cha theluji mbele yake. Usikubali mtu akushauri kuizima kwa sababu hiyo.

Gari la umeme litaweza?

Norway, ambako magari mengi mapya yanayouzwa ni ya umeme, imeshalijibu swali hili. Umbali wa chaji moja hupungua waziwazi kwenye baridi, kwa kuwa betri yenyewe inazorota na joto la ndani linatoka humo humo. Lipashe joto likiwa bado kwenye chaji, na uchague lenye pampu ya joto kama unaweza. Ile breki ya kurudisha umeme ipunguze kwenye utelezi, kwa sababu ukiinua mguu ghafla inaweza kuyafanya magurudumu yanayovuta yaserereke. Uzito wake husaidia kidogo kupanda, na kwenye kona unakudai.

Hofu ya kukwama kwenye foleni ya theluji ni kubwa kuliko hesabu yake: betri ya kilowati-saa 60 iliyobaki nusu, kipasha joto kikila kilowati 2, ina saa 15. Mwenye gari la mafuta ndiye mwenye hatari isiyosemwa. Ukikwama na injini inanguruma, shuka ufukue theluji kwenye bomba la moshi, na urudie. Likiziba, hewa ya sumu isiyo na harufu huingia ndani.

Sheria zinasemaje?

Zinatofautiana. Quebec, jimbo la Kanada, inadai matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, barabara ikiwa kavu au isiwe. Sweden ni Desemba 1 hadi Machi 31, na Austria Novemba 1 hadi Aprili 15, zote mbili pale barabara inapokuwa na hali ya baridi. Ujerumani haina tarehe: kukiwa na theluji au barafu barabarani lazima uwe nayo, na tangu Oktoba 1, 2024 yanayokubalika ni yenye mchoro wa mlima tu. Ukivuka mpaka, unafuata sheria ya unakoingia.

Nibadilishe lini, na niyaweke wapi yanayotoka?

Badilisha asubuhi zinapoanza kukaa chini ya nyuzi 7. Wajerumani huhesabu kuanzia Oktoba hadi Pasaka, na kwa sehemu nyingi za Ulaya hesabu hiyo inafaa. Usingoje theluji ya kwanza. Siku hiyo kila fundi ana foleni. Mshale ubavuni uelekee upande ambao gurudumu linazungukia gari likienda mbele, na nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kabla ya kuyavua, andika kwa chaki kila tairi lilikuwa upande gani. Yaoshe, yakauke, yaweke mahali pa giza na ubaridi, mbali na mafuta. Yenye rimu yalazwe moja juu ya jingine au yatundikwe. Yasiyo na rimu yasimamishwe, na kila baada ya wiki kadhaa uyazungushe kidogo.